Mama Akyoo na Kijiko Chake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Sabina Akyoo, muonjaji mkuu wa kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Themi, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Wengi wetu tulimkuta hapa, na tulishajiaminisha kwamba tutamwacha hapa.

Alianza kwenye meza za kuchambua buni, akitoa mbovu kwa mkono pamoja na akina mama wenzake. Wasimamizi wakagundua kwamba akipita karibu na gunia lililoingia ukungu anakunja pua kabla halijafunguliwa. Wakampeleka chumba cha kuonjea, akasomeshwa, na hakutoka tena. Kazi yenyewe mnaijua: unavuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele ambazo mbele ya wakwe zingekuaibisha, unaizungusha mdomoni, unatema, unahamia kikombe kinachofuata. Vijana wakimpa shikamoo katikati ya kazi, aliinua kijiko juu. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa neno moja la Kiingereza, "superb". Kwenye kadi zetu ndilo daraja la juu kabisa. Siku yangu ya kwanza aliniuliza maana yake, nikajibu kwamba ni nzuri sana. Akasema nzuri sana tunayo, ina daraja lake, na kuipata si aibu. "Superb" ni ile ambayo ukishaionja huna cha kuomba zaidi, na mkono wenyewe utakilaza kijiko mezani. Ndivyo alivyofanya. Akikutana nayo alilaza kijiko, akatazama dirishani kuelekea Meru, nasi tukajua. Kuna misimu iliyopita bila kijiko kulala hata mara moja.

Nje ya kazi pia hakulegeza. Kwenye harusi ya binti wa Stanley wa stoo, mshereheshaji alisifia pilau kwa neno hilohilo. Mama Akyoo akaweka sahani magotini, akasema taratibu, "Huyu kijana kesho akila nzuri kuliko hii, ataiitaje?" Kisha akaongeza pilau.

Hakumpendelea mtu. Kahawa ya kaka yake Abdiel aliipa "nzuri", na Abdiel akanuna masika yote, simu hapokei. Msimu uliofuata Abdiel alichuma zilizoiva tu na kuzianika juu ya meza badala ya chini. Mama akaionja bila kujua ni ya nani, akalaza kijiko. Alipoambiwa mwenyewe ni nani, alikataa kujaza kadi mpaka wengine tuonje upya. Tulionja, tukakubaliana naye. Abdiel alimletea mbuzi, naye Mama akamrudishia mguu mmoja akale na watoto.

Aliwahi kuja meneja aliyetaka neno hilo lichapwe kwenye kila gunia, kwa kuwa wenzetu wanafanya hivyo. Mama alimwomba aketi, akamwandalia vikombe, akamwonyesha tofauti. Akamweleza kwamba wanunuzi wa nje huchukua kahawa ya wakulima wetu bila hata kuomba sampuli, kwa kuwa neno hilo likitoka kwetu wanaliamini. Tukiligawa ovyo, mkulima wa Meru aliyehangaika na shamba lake atasemewa na neno gani? Meneja aliondoka na wazo lake. Ila swali lilibaki kwetu sote: siku Mama akiondoka, nani atalilinda?

Wiki iliyopita alileta kahawa ya shamba lake mwenyewe, lile la kustaafia, akaichanganya na vikombe vya wengine. Lemomo wa kukaanga akatunong'oneza ni kikombe kipi. Mama alijua kwamba tunajua, maana Lemomo hajawahi kutunza siri. Tulikuwa tumeshapanga: zawadi gani ya kumuaga ingepita neno lile? Mama akasimama mlangoni, mikono nyuma, anatutazama.

Nilivuta. Ilikuwa safi, tamu, ina harufu ya limau. Nikausubiri mkono ulaze kijiko. Haukulaza. Moyo uliniuma, nikahamia kikombe kinachofuata. Sinyati, muonjaji mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu, naye akapita. Kwenye kadi tukaandika "nzuri sana".

Mama Akyoo aliisoma, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Sasa naweza kwenda nyumbani," akasema. "Nilikuwa naogopa mtanipendelea."

Asante, Mama, kwa pua yako, ukali wako na vicheko vyako. Nenda ukapumzike kwa afya na amani kati ya mibuni na wajukuu. Na mwakani ukivuna, tuletee tena. Tutaionja bila kuuliza ya nani.

Nosim, chumba cha kuonjea