Tafadhal, Pita

Benchi lenyewe liko Al Khuwair, Maskati, nyuma ya wizara, ubavuni mwa duka la dobi, na kila baada ya Alasiri huwa na watu watatu wanaojua kila kitu na mmoja mwenye shahada. Mwenye shahada ni Yaqdhan, wanamwita Inginia, maana alisomea uhandisi miaka mitano na sasa ana mwaka wa tatu akiwamiminia kahawa. Ndiye mdogo wao, na dasturi ya kahawa haitazami cheti: mdogo hushika dele, birika lenyewe, na asiyetikisa kikombe chake humiminiwa tena. Kutikisa ndiko kusema basi, imetosha. Benchini pale hakuna aliyewahi kutikisa kabla ya Magharibi.

Siku hiyo Yaqdhan aliwapa watu vikombe kwa mkono wa kushoto, aibu tupu, lakini bega la kulia lilikuwa halipandi. Ijumaa iliyopita alicheza mechi yake ya kwanza ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, akiwa kwotabeki, yaani mrushaji, na akaangushwa mara tisa. Kocha Muatasim alikwishatuma ujumbe: wawili wa wanaokukinga mbele wameacha, tafuta watu wako, ukianguka tena hivyo jina lako natoa. Wenzake walidhani kinachomuuma ni bega. Tangu ahitimu, orodha ya timu ile ndiyo pekee Maskati nzima iliyowahi kulikubali jina lake.

Alianza Harub, aliyeitwa Mudir kwa sababu alikaa miaka thelathini mlangoni kwa mudir, yaani mkurugenzi.

— Weye Inginia una pupa. Ukishaupata mpira, uweke kwanza. Mie faili nikililaza siku tatu ndipo lipite. Haraka haraka haina baraka.

— Nina two seconds tu, ami Harub. Faili lako halikuwa likikimbizwa na mtu wa kilo mia na ishirini.

— Basi hukusubiri vyema. Mvumilivu hula mbivu.

— Nimekula nyasi, ami. Mbichi.

Zahor, kwa jina la benchi Kabati, ni mmoja wa watano wanaosimama mbele ya Yaqdhan kumzuilia adui, na umbo lake halihitaji maelezo. Yeye aliulaumu mpira: una sura ya papai, na papai halirushwi, huliwa. Kisha akalaumu upepo, ambao kwa kauli yake hutoka pwani ya Yiti kila Ijumaa kwa kazi hiyo tu. Nasr, anayeitwa Riplei kwa sababu hurekodi kila kitu kwa simu yake, akapanda juu zaidi. Ni husuda, alisema. Mtu katia picha ya jezi Instagram bila mashallah, na macho ya watu mia nne hayazuiwi na helmeti. Mudir akamalizia kwamba shahada ni kitu kizito, humvuta mtu chini, na jambo hilo limethibitishwa. Nani kalithibitisha, hakusema.

Yaqdhan akamimina. Miaka mitano alifundishwa kwamba boriti haina nguvu zake yenyewe, nguvu ni za nguzo zilizo chini yake, na mrushaji mgeni ni boriti vilevile. Angeweza kuwaeleza kwa michoro. Lakini mtu aliyeandika barua za kazi arubaini na moja bila kujibiwa hata moja huwa hana imani tena na maelezo yake.

— Riplei, weka ile mara ya saba nilipoanguka. Slow motion.

Wakaiinamia simu. Adui mwenye ndevu za mvi anakuja mbio. Kabati yuko mbele yake. Kabati anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa, anasogea kando. Adui anapita, na Yaqdhan yuko chini.

— Kabati, unamwambia nini hapo?

Kabati aliitazama kahawa yake.

— Nimemwambia tafadhal.

— Tafadhal.

— Ami yake Ruba yule. Posa yangu iko kwao tangu Shaabani na jawabu bado. Nimsukume? Mkubwa mlangoni hutangulizwa, yakhe. Hukulelewa weye?

— Pale si mlangoni, Kabati. Pale ni mimi.

Mudir akahukumu kwamba Kabati hana kosa, mpanda ngazi hushuka. Yaqdhan alitaka kukasirika zaidi, ila alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, chini ya mzee yule, aliulizwa hali ya mama yake, naye akajibu alhamdulillah, anakusalimu.

Hapo akafika Nakiwala, Mganda anayefanya kazi kwa dada yake Kabati, na sahani ya vitumbua aliyotumwa kuleta. Aliisikiliza kesi yote amesimama, kisha akalitazama lile bega.

— Pole, kaka. Sasa hiyo Ijumaa inayokuja, nani atasimama mbele yako?

Dobi aliendelea kupiga pasi. Dele lilikuwa bado nusu. Yaqdhan akalinyanyua kwa mkono wa kushoto, akamwendea Mudir kwanza, kwa vile ndiye mkubwa.

Mudir akatikisa kikombe.

Riplei akatikisa.

Kabati mkono wa pili ulimpanda kifuani wenyewe kwa mazoea, kisha naye akatikisa, akasogea kando kama kwenye ile ya saba. Na Magharibi ilikuwa bado saa nzima.