Blugamu za Mzee Johana na Mto wa Kubatizia

Mgeni rasmi, chifu wetu, wachungaji, na nyinyi nyote mliokanyaga matope mpaka huku chini, Bwana asifiwe.

KARIBU
Jirani mmoja wa Kapsoit aliwahi kutuuliza, "Nyinyi wa bondeni, mbona mnakuja kubatizwa kwetu? Mto wenu umehamia wapi?" Watu walicheka. Sisi tuliangalia viatu vyetu. Leo tunakukaribisha kwa vigelegele, kwa sababu Jumapili hii tunabatiza hapa hapa, mtoni kwetu!

TULIKOTOKA
Mwaka wa 1990 mabwawa ya maji taka ya tauni, yaani mji wetu, yalichimbwa hapa juu yetu. Uchafu unatulia bwawa la kwanza, unapita la pili na la tatu, kisha maji yanashuka mtoni yakiwa safi. Yalianza vizuri. Lakini sisi tuliona aibu, wageni wa kanisa kutazama choo cha tauni nzima. Na watu wa majani chai tukiona udongo mtupu, mkono unatafuta mche. Tukapanda blugamu, ile mikaratusi, pande zote, tukaiombea. Ikapanda juu mbio, ikaficha kila kitu.

Kumbe jua na upepo ndio wafanyakazi wa pale, ndio wanaosafisha maji. Kivuli kililalia maji, majani yakaoza ndani, harufu ikatufuata mpaka ibadani. Mto ukageuka kijani. Mchungaji akasimamisha ubatizo.

TULIYOFANYA
Afisa wa maji alipotueleza, tulikata miti yetu wenyewe. Ikabaki ya Mzee Johana Chepyegon, ikifunika bwawa la mwisho. Mzee aliitunza kama ndama. Alikuwa ameahidi mbele ya madhabahu kwamba itakuwa mbao za paa la kanisa jipya, na ilibaki kidogo tu ikomae. Kwake, kuikata mapema ilikuwa kumwibia Mungu.

Mama Gesare, mwenyekiti wetu, alimfuata hadi boma, shoka mkononi. "Mzee, mimi Mkisii nimekunywa mursik yako, maziwa ya kibuyu, miaka yote. Nisikie basi."

"Nakusikia, mama. Hata kibuyu kingine nitakupa. Lakini hilo shoka rudi nalo."

YANAYOTUSUMBUA
Visiki vya blugamu havikubali kufa. Kila mvua vinachipuka, na sisi tunavunja machipukizi kwa mkono. Mzee Johana ndiye hufika wa kwanza.

MAOMBI
Tunaomba ua wa waya kuzunguka mabwawa, ng'ombe na watoto wasitumbukie. La pili, kanisa letu liko pale, kuta zimesimama, juu ni mbingu. Miti iliyoahidiwa ilikatwa changa, ikawa kuni za kupikia chai. Hatusemi zaidi; wewe mwenyewe una macho.

Mungu akushike mkono barabarani, na nyumba yako isikose maziwa wala amani.

Kabla hatujaketi, ujue visiki vya bwawa la mwisho vilitoka wapi. Ilikuwa Januari, baada ya ibada. Mama Gesare alisimama akauliza, "Mzee, Winny mjukuu wako anataka kubatizwa. Utamtafutia mto wa nani?"

Mzee alimwangalia Winny, akaangalia juu, pale paa halipo. Akasema, "Mungu nitamweleza mwenyewe." Akachukua shoka la Gesare lililoegemea ukuta, akatoka kuelekea bwawani.

Ni sisi,
Akina Mama wa Bondeni