Mama Fortunata na Glasi Aliyoikataa Bagamoyo

Miaka ishirini na tatu ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, hapa Tulizo Baa, Mtaa wa Narung'ombe, inaisha Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999. Mama Fortunata anavua aproni. Na kwa kuwa leo kila atakayeshika kipaza sauti atawasimulia ile safari ya Bagamoyo, nawaomba muwasamehe mapema, maana wote wanaikosea. Euphrasia wa kaunta anasema mama alimmwagia mtu bia kichwani. Ramadhan dereva anasema mama alilia. Euphrasia hata hakwenda. Ramadhan alikuwa amelala kwenye pikapu, mdomo wazi. Aliyekuwepo, akaona kwa macho yake, tena ndiye aliyeiokoa siku ile, ni mimi Pius wa nyama choma. Basi nipeni nafasi.

Mama alishuka kutoka Kilema, Uchagani, mwaka 1976. Siku zile bia ya chupa ilikuwa ya kujuana, na wakubwa wenye suti walikuwa wanapita mlango wa nyuma kuja kuomba kata moja ya Mama Fortunata. Alfajiri anashuka shimoni, kule chini ya soko la Kariakoo, kuchagua ndizi. Anaibonyeza, anainusa, anairudisha, wauza ndizi wanamnunia. Akishazichemsha anaziacha zichache siku zake, halafu ndiyo anachanganya na uji wa ulezi. Ukimuuliza siku ngapi anakuangalia kama umemuuliza umri wake. Mwaka 1983 alionja pipa zima, akakunja uso, akalimwaga mtaroni huku wateja wamekaa wanasubiri. Kuku wa jirani walitembea kinyumenyume siku mbili. Hiyo nayo nimeiona mwenyewe.

Halafu ikaja ruksa. Soko huria, bwana. Kariakoo ikajaa redio, viatu vya Mchikichini, bia za kopo kutoka nchi ambazo hata hatukujua kama wanakunywa. Bosi wetu Polycarp, ambaye mpaka juzi alikuwa anafunga suruali kwa kamba, akaanza kutembea na kalamu mbili mfukoni na kusema kila kitu ni lazima kiwe cha kisasa. Akabadilisha viti. Vile vya kisasa vilivunjika wiki ya kwanza, tukarudisha benchi.

Mwaka 1995 akasikia kuna mgahawa mpya Bagamoyo unaojipikia bia yake wenyewe, ndani ya mapipa ya chuma yanayong'aa. Akasema na sisi tutaweka pipa kama lile. Wapi? Pale kwenye mafiga ya Mama Fortunata. Na mama je? Mama, akasema bosi kwa upole wa kutisha, atapumzika. Mtu ana miaka hamsini na sita, anasomesha wajukuu, nyumba ya Magomeni haina bati, halafu anaambiwa apumzike. Huruma ya aina hiyo sijawahi kuiona. Akambeba na yeye kwenye safari, eti akaone maendeleo.

Tukafika mchana. Mgahawa mzuri, siwezi kusema uongo. Vitambaa mezani, samaki mdogo katikati ya sahani kubwa kama amepotea njia, na nyuma ya kioo mapipa yanang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Mtaalamu wao anaitwa Allen, koti jeupe, hajamwamkia mama hata kidogo. Akatueleza saa nzima. Kuna saa ya kupima joto, kuna saa ya kupima gesi, mkono wa binadamu haugusi kitu. Bosi anatikisa kichwa kila neno, na najua kwa hakika hakuelewa hata moja.

Zikaja glasi tatu. Bosi akanywa, akafumba macho, akasema tamu sana, inaburudisha. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikaona hapa mkate wa mama unaondoka. Nikamwinamia sikioni nikamnong'oneza afanye kama kwao. Wachagga mnajua: anayekupa mbege anainywa yeye kwanza mbele yako, ndipo anakukabidhi kata. Asiyefanya hivyo, humpokei. Mama akanielewa palepale. Akaisukuma glasi ikarudi mpaka mbele ya Allen.

"Onja kwanza wewe, mwanangu."

"Mimi sinywi kazini, mama."

"Basi na mimi niko kazini."

Allen akacheka peke yake, akamtazama bosi amsaidie. Na bosi, ambaye kwao ni kijiji cha pili kutoka kwa mama, nikamwona anaiangalia glasi yake iliyobaki nusu kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi. Marehemu baba yake angemtandika kwa kunywa vile. Akasema kwa sauti ya chini, "Onja, bwana."

Allen akaonja. Yule kijana alimeza kama anameza msumari. Akaenda nyuma ya kioo akaziangalia saa zake, zote ziko sawasawa, hazina hata wasiwasi. Akarudi akasema imeharibika, tena inaelekea ni ya tangu Jumatatu. Alikuwa anaipima kila siku. Kuionja hakuwahi.

Tukageuza kurudi. Tulipofika Tegeta bosi akamuuliza, "Dada Fortunata, pale jikoni unahitaji nini?" Mama akasema bati juu ya mafiga, mvua inamwingilia. Bati likawekwa wiki ileile, na moto wake haukuhama tena. Nyumba ya Magomeni nayo ikapata lake. Hyasinta, anayechukua nafasi yake kesho, amefundishwa miaka minne na bado anaonyeshwa ndizi kama mgeni.

Mama anasema akistaafu atakunywa chai tu. Tutaona.

Sasa nikubali jambo moja kabla mama hajasomewa haya akanitia aibu ukumbini. Lile la kumnong'oneza nimelitunga. Mimi glasi yangu nilikuwa nimeshaimaliza, nikasema tamu kabla hata ya bosi, kwa sababu niliahidiwa kwamba pipa la chuma likija nitavaa tai nisimamie bomba. Mama hakunong'onezwa na mtu. Alikuwa peke yake pale mezani, na sisi aliokula nao miaka yote tulikuwa tumeshamuuza kwa mdomo uliojaa povu bovu. Kwa hilo, Mama Fortunata, samahani yangu imechelewa miaka minne. Asante kwa yote, na ukaishi salama, ukiwa na watu bora kuliko sisi.

Pius, jiko la nyama