Picha ya Jicho la Mama Mkasi

Mgeni rasmi, Daktari wetu wa macho, karibu tena kwenye vumbi la pamba. Leo tumezima cherehani zote, jambo linalotokea hapa umeme ukikatika tu, ili utusikie vizuri.

TULIKOTOKA

Sisi ni mafundi wa kushona sare. Meza ya kukata vitambaa ni ya Mama Mkasi, na karibu wote tuliomo humu tumejifunza kazi kwake. Mwaka jana mashati yalianza kutoka mezani kwake na mikono miwili ya kushoto. Swali alilouliza asubuhi alilirudia kabla ya chai, na tena baada ya chai. Mwenyewe alilaumu miwani.

UJIO WAKO

Basi ulipoleta mashine ya utafiti wako kutupima macho, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akitaka miwani mipya. Akaegemeza kidevu, mwanga ukamulika, ikatokea picha ya nyuma ya jicho, mishipa myembamba kama nyuzi. Uliitazama, ukairudia. Kisha ukavuta kiti karibu naye.

"Mama, miwani yako haina kosa. Naomba tupime na damu."

Akauliza kama anapofuka. Ulimweleza kwamba sivyo, ila mishipa ya jicho huweza kudokeza shida ya ubongo, na kwamba picha na damu ni dalili tu, hazitoi hukumu. Ukampeleka kwa daktari wa ubongo, na baada ya vipimo vingine ikajulikana kuwa ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ungali mchanga. Binti yake, aliyekuwa amemshika mkono ulipowapa majibu, anasema hajawahi kusikia habari nzito ikisemwa kwa upole namna ile.

MAFANIKIO

Hukutudanganya kwamba ugonjwa huu unapona. Lakini kwa kuujua mapema, Mama Mkasi anatumia dawa, ameamua mwenyewe atakaa na nani mambo yakizidi, na kila asubuhi, akili ikiwa na nguvu, anawafundisha wakataji wapya. Wengine wetu tumeshawaleta wazazi wetu kwako.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Tumesikia mashine itaondoka utafiti ukiisha. Tunaomba ibaki. Pia wapo wenzetu wanaokwepa kupimwa, wakihofia kupoteza kazi. Meneja yupo hapa. Hatumsemi yeye, ila tunafurahi kwamba anasikia.

Ombi la mwisho si letu. Mama Mkasi, aliyeketi safu ya mbele, ametuagiza tulisome kama alivyolitamka: "Siku nikiwauliza majina yenu, nijibuni tu. Msinicheke, wala msilie."

Tumekubali, Daktari, na tumeshaanza mazoezi. Kila asubuhi tunamwamkia huku tukijitaja majina, mmoja mmoja. Naye bado anatujibu, "Najua, mwanangu. Najua."

Mungu ayatunze macho yako, yaliyoona tusichokiona sisi tuliokuwa meza ya pili kutoka kwake. Akujalie afya, wewe na wote unaowahudumia.

Ni sisi wanao katika kazi,
Mafundi wa Chumba cha Kukata na Kushona.