Wasifu wa Fundi Jaribu Kificho na Gari Lake la Samaki

Jumatano ya tarehe 12 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini jioni, mbele ya nyumba hii hapa Tumbe, baba yetu Mzee Jaribu Kificho alibanwa na kifua akiwa ameinamia injini, na hapo ndipo yalipoanza yaliyotukutanisha leo kwenye hitima yake.

Marehemu alizaliwa Wingwi tarehe 3 Machi 1954, akasoma Kurani chuoni, na skuli huko huko hadi darasa la saba, kisha mwaka 1972 akaenda Wawi kujifunza ufundi wa magari kwa ammi yake. Mwaka 1981 alimuoa mama yetu, Bi Mwatima, wakajaaliwa watoto wawili, Fahmi, na mimi Samiha ninayesoma. Tangu 1988 alibeba samaki kwa pikapu lake, na wagonjwa na wajawazito wenu pia, na kila Jumatano alilitengeneza kwa namna yake: aliweka kikombe cha kahawa juu ya injini inayonguruma, akazungusha skrubu ya kabureta mpaka kahawa iache kucheza, kisha akalegeza distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye injini, na kuisogeza kidogo kidogo, ili cheche zije kwa wakati wake, injini isigongegonge gari likipanda mlima na mzigo.

Jumatano hiyo distributa ilikuwa imeshalegezwa, gari haliwezi kwenda, na gari jengine la kumpeleka hospitali halikuwepo. Niliishika mimi, yeye kakaa chini ameegemea tairi.

“Rudisha nyuma, mwanangu. Umepita. Basi, hapo hapo, kaza.”

“Baba Fahmi, huoni hali yako?” mama akamwambia.

“Siendi hospitali na gari linakohoa, Bi Mwatima.”

Fahmi aliendesha, na njia nzima nilimpakata baba kichwa, sikio langu liko kwenye injini, nikiogopa kwamba sikukaza sawasawa na kwamba tutasimama njiani. Tulifika. Madaktari walimkuta na maradhi ya moyo, wakamhangaikia, hata alfajiri ya Ijumaa tarehe 14 akafariki, gari lile lile likamrudisha, akazikwa baada ya sala ya Ijumaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi na kupika, na wachuuzi wenzake mlioacha kazi zenu. Mwenyezi Mungu amsamehe, amtilie nuru kaburini mwake.

Wengi mmeuliza gari litakuwaje. Asubuhi ya Jumamosi nilifungua boneti, nikaijaribu kwa spana nati ya distributa niliyoikaza Jumatano, nikaikuta imekaza. Nikaweka kikombe chake juu ya injini, nikamwambia Fahmi awashe. Kahawa ilitetemeka, kisha ikatulia. Nikainywa, nikafunga boneti, nikamwambia Fahmi aende dikoni, vyombo vinakoshusha, samaki wanasubiri.