Kaka Sukhendu, Mbisha Hodi wa Kuta na Simu

Tarehe 31 Mei, Kaka Sukhendu Maji anaweka chini brashi na simu ya ofisi baada ya kukitumikia chama chetu hapa Polashdanga, mji wetu wa Bengali, kwa miaka thelathini na minane. Mkewe, Bi Kajori, anasema hataamini mpaka amwone akipita barabarani bila kukodolea macho kuta za watu.

Alianza kama mchoraji wa kuta za kampeni. Uchaguzi ukikaribia hapa kwetu, vyama hugombea kila ukuta ulio wazi. Sukhendu hakugusa hata mmoja bila kubisha hodi, kunywa chai na kuomba ruhusa. Ukuta wa nyumba yake mwenyewe ndio pekee ambao haukuandikwa kamwe. Alisema anayeshinda akiandika kwa wenzake anahitaji mahali pa kupumzisha macho.

Simu zilipoingia, kamati ya mtandao iliunda kundi la WhatsApp na kuwatumbukiza humo watu wa mji mzima bila kumuuliza yeyote. Kufikia jioni wapinzani walikuwa humo wakitutukana, mama mkwe wa katibu akituma picha za maua, na wengine wote wamejitoa. Sukhendu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mmeingia kwa watu bila hodi, halafu mnashangaa kufukuzwa?" Akachukua mwavuli, akaanza kupita mlango kwa mlango kuomba ruhusa ya kuwatumia watu ujumbe kwa simu kama alivyozoea kuomba ya ukuta. Tulimwona mzee wa kupoteza muda.

Kisha, siku chache kabla ya kura, ikasambaa sauti ya kughushi ya mgombea wetu, Bi Malabika Konar, akiahidi kubomoa soko la samaki. Kwa Mbengali, asiyejua mlo bila samaki, heri umwambie utambomolea nyumba. Kiti kilikuwa kinatuponyoka, na kamati ikaandika kanusho refu ambalo hata katibu hakulimaliza. Sukhendu akampeleka Bi Malabika sokoni, akawasha kamera ya simu, akamwacha abishane bei na Lokkhi muuza samaki kama afanyavyo kila Jumapili.

"Huyu dada abomoe soko?" Lokkhi akasema huku akipara samaki. "Hilo tumbo atalijaza nini, dengu? Na bei ni ileile, dada, usinitolee macho."

Video hiyo aliituma kwa zile nyumba zilizomkaribisha, basi. Zenyewe zikaipeleka kwa mashangazi, wakwe na majirani, na kabla ya magharibi hata wapinzani walikuwa wakimwiga Lokkhi. Tulishinda. Nilifurahi hadi nikalia, wala sioni haya kusema.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwake na ndoo ya rangi. Tukabisha hodi, tukanywa chai, tukaomba ruhusa. Akatuonya tu tusidondoshee rangi maua ya Bi Kajori. Ndivyo ukuta ule ulivyoandikwa kwa mara ya kwanza, kwa herufi nyekundu zilizopinda kidogo, maana fundi alikuwa amekaa kitini akitucheka:

Asante, Kaka Sukhendu. Pumzika kwa raha na afya tele. Ukija kwetu, usibishe hodi.