Chirau Dzombo, Msimamizi Aliyekataa Kupita Juu ya Daraja Letu

Jumatano tarehe 31 Desemba 1958, Mzee Chirau Dzombo atafunga miaka ishirini na tisa ya kazi katika kampuni yetu. Aliingia mwaka 1929 akiwa mbeba karai, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zege. Kati ya Diani na Msambweni ni vigumu kupita mahali ambapo mikono yake haikugusa.

Wengi mnamjua kwa tabia moja. Mchanga ukimwagwa kutoka lorini, Mzee huchovya kidole, akauweka ulimini, akatema. Ukiwa na chumvi, lori hurudishwa, kwa maana chumvi hula vyuma vilivyo ndani ya zege. Vijana humtania kwamba Bi Mwanatumu, mkewe, hampikii. Yeye hucheka nao, na kesho yake huonja tena.

Sasa niseme ambalo jarida hili halijapata kulisema. Masika ya 1954, tukijenga daraja la kijito cha Mwandimu, malori ya mchanga wa mto yalikwama matopeni, na siku ya ufunguzi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Meneja wa wakati ule akaamuru uchotwe mchanga wa ufuoni, na katika daftari ya kazi iandikwe kuwa ni wa mto. Mzee alionja, akatema, akakataa kutia sahihi. Alimwambia Meneja, mimi nikisikia, kwa adabu zake zote, kwamba daraja lile litamdhuru mtu. Jioni ile ile akavuliwa usimamizi, akapelekwa ghalani kutunza majembe. Aliandika barua mbili makao makuu, Mombasa. Hazikujibiwa.

Daftari ilihitaji sahihi, nayo ikapatikana. Ilikuwa yangu mimi, karani. Niliambiwa nitie, nikatia, bila hata kuketi. Hadi leo nikikumbuka nashtuka, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Daraja likafunguliwa kwa ngoma na biriani. Mzee Chirau, ambaye njia yake ya kazini ilikuwa hiyo hiyo, akawa kila siku anavua viatu, anakunja suruali na kuvuka majini, upande wa juu wa kijito. Tulimcheka, tukasema amesusa kama bwana harusi aliyenyimwa chakula. Bi Mwanaima, mwuza mihogo, hakucheka. Alimwuliza, akaambiwa kweli, na sokoni akatangaza: "Fundi mwenyewe hapiti juu, mimi nina roho ngapi?"

Haukuisha mwezi, kijiji kizima kikawa kinavuka majini. Abiria wa basi walishuka, basi likapita tupu, wakalipanda tena ng'ambo. Wanawake walikuwa wakilowa hadi kiunoni, mizigo kichwani, na daraja la zege likiwatazama. Meneja alisema ni ushamba. Nami nilisema vivyo hivyo.

Novemba 1956, siku ya gulio, daraja lilikatika chini ya lori letu wenyewe. Dereva wetu, Karisa, alitolewa akiwa hai, lakini mguu wake wa kulia ulikatwa. Watu wapatao sitini walikuwa majini wakati ule, wakasimama na vikapu vyao wakitazama. Nilifika kabla vumbi halijatua. Vyuma vilivyochomoza vilikuwa vyekundu, na nilipovigusa vilimomonyoka mkononi. Sikuamini macho yangu, ingawa ni mimi niliyekuwa nimeambiwa mapema kuliko wote.

Katika uchunguzi, Meneja alinyanyua daftari. Mzee akaitwa aseme sahihi ile ni ya nani. Alijibu kwamba ni ya karani aliyeamrishwa, basi aulizwe aliyemwamrisha. Meneja akaondoka nchini, Mzee akarudishiwa usimamizi, nami nikabaki na kiti changu.

Nilimfuata nje kumwomba radhi. Akaniambia yeye hana neno nami. Radhi nikamwombe Karisa, maana ndiye aliyekuwa ndani ya lori. Karisa anakaa Lunga Lunga. Basi la asubuhi hufika huko kabla ya adhuhuri. Miaka miwili imepita, sijakwenda.

Mzee Chirau, kampuni inakushukuru, na watu wa Mwandimu wanakushukuru zaidi. Mwenyezi Mungu akujaalie afya wewe na Bi Mwanatumu, na siku nyingi za raha mliyoichuma kwa haki. Uniwie radhi kwamba Jumatano hutaniona miongoni mwa watakaokuaga. Nitakuwa Lunga Lunga.